Hidrojeni: Gesi Nyepesi Kupita Zote, na Meli Iliyogeuzwa Njiani

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Moshi na vijiji vya mlimani

  Sogeeni karibu na redio, na kila mmoja awe na daftari na kalamu yake. Ninyi mlio na maandishi haya mkononi, fuateni mstari kwa mstari, nami nitasoma polepole.

Kiongozi wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: gesi, elementi, hidrojeni, oksijeni, shehena. Gesi ni kitu chochote kilicho na hali kama ya hewa. Shehena ni mzigo wa chombo. Maneno matatu yaliyobaki tutayaeleza katika somo.

Somo letu la leo ni la historia, lakini hatuwezi kuifahamu historia hii mpaka tufahamu kwanza tabia za kitu kimoja kiitwacho hidrojeni. Tutaona ni kitu gani, nani walikitambua, na jinsi kilivyokaribia kuingia katika vita vilivyopiganwa katika nchi yetu miaka ya 1914 mpaka 1918. Mwisho tutaona kwa nini yakupasa wewe ukijue, hata kama hutakiona kwa macho maisha yako yote.

HIDROJENI NI NINI?

Tuanze na maji. Wazee wa mlima huu walichimba mifongo, wakayaongoza maji kutoka mitoni mpaka katika vihamba vya migomba na kahawa. Kila mtu wa hapa ayajua maji kwa mkono wake. Lakini mkimwuliza mtu, maji yamefanywa kwa nini, huenda akajibu kwamba maji ni maji tu. Hata wenye elimu wa Ulaya walidhani hivyo kwa miaka mingi sana.

Sivyo. Maji yamefanywa kwa vitu viwili vilivyoshikana, navyo ni hidrojeni na oksijeni. Tukipima kwa mizani, katika kila kilo 9 za maji, kilo 1 ni hidrojeni na kilo 8 ni oksijeni. Debe moja la maji lenye lita 18 lina uzito wa kilo 18. Basi mama anayebeba debe hilo kichwani amebeba kilo 2 za hidrojeni na kilo 16 za oksijeni.

Hidrojeni ni elementi. Maana yake, ni kitu cha asili ambacho ukikichoma au ukikitia dawa hakivunjiki kuwa vitu vingine. Chuma ni elementi, dhahabu ni elementi, shaba pia. Maji si elementi, kwa kuwa yanaweza kugawanywa.

Kila elementi ina chembe zake ndogo mno, ziitwazo atomi. Atomi ya hidrojeni ndiyo nyepesi kuliko zote, tena ndiyo iliyo sahili kuliko zote: katikati ina protoni moja, na elektroni moja nje yake. Ndiyo maana katika orodha ya elementi zote hidrojeni imepewa namba 1. Alama yake ni herufi H. Peke yake, atomi zake hutembea mbili mbili, nasi huandika H2. Atomi mbili za hidrojeni zikishikana na moja ya oksijeni, tunapata maji, na ndiyo sababu maji huandikwa H2O.

Sasa andikeni tabia zake.

Kwanza, hidrojeni haina rangi, haina harufu, wala haina ladha. Ikijaa chumbani hutaijua kwa macho wala kwa pua.

Pili, ni gesi katika baridi zote tunazozijua. Hata baridi ya usiku juu ya Kibo haiwezi kuigeuza iwe maji maji. Mpaka ifike nyuzi 253 chini ya sifuri.

Tatu, ni nyepesi kupita gesi zote.

Nne, huwaka. Ikiwaka hushikana na oksijeni ya hewani, na kinachobaki si majivu wala masizi, bali ni maji.

Zishikeni sana tabia hizo mbili za mwisho, wepesi na moto. Historia yote itakayofuata imetoka katika hizo mbili.

WALIOITAMBUA

Mwaka 1766 Mwingereza mmoja, Henry Cavendish, alitia vipande vya madini katika asidi, akaikusanya gesi iliyotoka kwa viputo. Akaipima, akaona ni nyepesi ajabu. Akaitia moto, ikawaka. Akaiita hewa iwakayo. Baadaye akaona kwamba ikiungua pamoja na hewa ya kawaida, huacha umande ndani ya chombo, na umande ule ni maji safi.

Mfaransa mmoja, Antoine Lavoisier, alizifuata kazi hizo, akatambua kwamba maji si elementi. Ndiye aliyeipa gesi hii jina la hidrojeni, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya mzaa maji.

Mwaka 1783 Mfaransa mwingine, Jacques Charles, alijaza puto la hariri gesi hiyo. Tarehe 27 Agosti akaliachia mjini Paris, likapaa mbele ya watu wengi, likaenda kuanguka katika kijiji cha Gonesse. Wanakijiji walipoona kitu kinaruka na kupumua juu ya ardhi, waliingiwa na hofu wakadhani ni dude baya. Wakalishambulia kwa nyuma za kilimo mpaka likararuka. Msiwacheke. Kila mtu huogopa jambo asiloelezwa, awe wa Ulaya au wa Afrika, na dawa yake ni darasa kama hili.

KWA NINI PUTO LIPAE?

Chukueni kibuyu kitupu, mkakizibe mdomo, kisha mkizamishe katika maji ya mfongo. Mkikiachia, kitaruka juu. Kwa nini? Kwa sababu kibuyu kile ni chepesi kuliko maji ambayo yangejaa mahali pake. Puto la hidrojeni nalo ni kama kibuyu ndani ya bahari ya hewa.

Tufanye hesabu. Fikirini sanduku la mita moja kila upande. Hewa inayolijaza pwani ina uzito wa kilo 1.3 hivi. Hidrojeni inayolijaza sanduku hilo hilo ina uzito wa gramu 90 tu. Tofauti yake ni kilo 1.2. Basi kila mita moja ya ujazo ya hidrojeni inaweza kuinua kilo 1.2, nao uzito wa chombo chenyewe umo humo.

Lakini kumbukeni kwamba hewa hupungua kadiri unavyopanda. Wale walioongoza wageni mpaka kileleni, mita 5,895, wanajua jinsi pumzi inavyokuwa fupi. Kule juu hewa ni karibu nusu ya hewa ya pwani, kwa hiyo nguvu ya puto kuinua mzigo hupungua karibu nusu vile vile. Jambo hili litatusaidia kufahamu yaliyoipata meli ya angani.

VITA VYAFIKA MOSHI

Wajerumani waliitawala nchi yetu, na reli waliyoijenga kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Vita vilipoanza mwaka 1914, mpaka wa Wajerumani na Waingereza ulipita hapa chini ya mlima. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Wajerumani waliiteka Taveta. Jemadari wao alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck, na sehemu kubwa ya jeshi lake ilikaa upande huu wa Moshi, karibu na reli. Askari wake wengi walikuwa Waafrika.

Mwezi wa Machi 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yalipigana katika vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, kisha yakaingia Moshi. Tangu hapo Lettow-Vorbeck alirudi nyuma siku zote, kwanza kwa kufuata reli, kisha kuelekea kusini.

Shida yake kubwa ilikuwa vifaa. Manowari za Waingereza zililinda pwani. Meli mbili tu za Ujerumani zilifaulu kumletea shehena: moja mwaka 1915 katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na moja mwezi wa Machi 1916 huko Sudi, upande wa Lindi. Baada ya hapo hakuna iliyofika. Risasi zikapungua, na dawa zikapungua.

Ndipo wakubwa wa Ujerumani walipowaza hivi: ikiwa njia ya bahari imezibwa, na tupitie angani.

SAFARI YA L 59

Ujerumani ilikuwa na meli kubwa za angani. Zilikuwa na mifupa ya madini mepesi, na ndani ya mifupa hiyo mlikuwa na mifuko mikubwa ya hidrojeni. Meli ya kwanza iliyochaguliwa kuja kwetu, L 57, ilipatwa na dhoruba mwezi wa Oktoba 1917 ikateketea kabla ya kuondoka Ujerumani. Wakatengeneza nyingine, L 59.

Meli hiyo ilikuwa na urefu wa mita 226, kupita viwanja viwili vya mpira vilivyopangwa kwa urefu. Ilijazwa hidrojeni mita za ujazo 68,500. Zidisheni kwa 1.2, mtaona kwamba gesi hiyo iliweza kuinua tani 80 na zaidi. Toeni uzito wa chombo chenyewe, mitambo, mafuta na watu, ikabaki nafasi ya shehena tani 15 hivi: risasi zaidi ya laki tatu, bunduki za bombom, dawa na vitambaa vya kufungia majeraha.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Safari ilipangwa iwe ya kwenda tu. Kwa nini? Kwa sababu katika Afrika Mashariki yote hapakuwa na mahali pa kuijaza meli hidrojeni mpya. Basi ikaamriwa kwamba ikifika ivunjwe, na kila kitu chake kitumike. Kitambaa cha nje kiwe mahema, mifupa yake iwe milingoti ya simu ya upepo, na mitambo izalishe umeme.

Fikirini hayo. Nchi ilikuwa na mito mingi, na kila debe la maji yake lina kilo 2 za hidrojeni. Hata hivyo meli ile isingepata hata mfuko mmoja wa kujaza. Hidrojeni iko kila mahali, lakini imeshikwa na oksijeni, na haiachi ila kwa kazi kubwa. Yataka asidi na madini, au mvuke uliopitishwa juu ya chuma chekundu cha moto, au nguvu ya umeme ipitishwe katika maji. Kuwa na kitu ardhini mwako si sawa na kuweza kukitumia.

L 59 iliondoka Jamboli, katika nchi ya Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917. Nahodha wake alikuwa Ludwig Bockholt. Ilivuka bahari ya Mediterania, ikaingia jangwa la Misri. Hapo tabia za gesi zikaanza kuwasumbua. Mchana jua kali liliipasha hidrojeni moto. Ikatanuka, na nyingine ikabidi itoke. Usiku jangwa likapoa. Gesi iliyobaki ikasinyaa, nguvu ya kuinua ikapungua, na meli ikaanza kushuka. Watu wakalazimika kutupa uzito upesi ili isigonge ardhi.

Tarehe 23 Novemba, usiku, ilipokuwa magharibi ya Khartoum katika nchi ya Sudani, walipokea simu ya upepo kutoka kwao: rudini. Habari zilizofika Ujerumani zilisema Lettow-Vorbeck amefukuzwa katika sehemu walizotazamia kushukia. Bockholt akageuza chombo. Tarehe 25 Novemba wakashuka Jamboli walikotoka, baada ya saa 95 angani na kilomita 6,757 bila kutua hata mara moja. Siku hiyo hiyo ya tarehe 25, Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma akaingia nchi ya Wareno.

NANI ALIBEBA MZIGO?

Vitabu vingi huisifu safari ile. Sisi tutazame upande mwingine. Chukueni kalamu.

Tani 15 ni kilo 15,000. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kilo 25 hivi. Gawanyeni 15,000 kwa 25. Mmepata ngapi? 600. Basi shehena yote ya chombo kile cha ajabu ilikuwa sawa na mizigo ya wapagazi 600.

Tena mpagazi hula. Akila kilo moja ya chakula kwa siku, mzigo wa unga alioubeba atakuwa ameumaliza mwenyewe siku ya 25. Kwa hiyo wapagazi wengine walitakiwa kuwabebea wapagazi chakula. Ndiyo sababu pande zote mbili zilichukua watu kwa maelfu, wengi wao kwa nguvu, na mashamba yao yakabaki bila wa kulima. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi si kwa risasi bali kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo huko Dar es Salaam latokana na jina la Kiingereza la jeshi la wapagazi, kama wenyeji walivyolitamka.

Meli ya hidrojeni ilipewa nahodha mwenye jina, na jina hilo limeandikwa. Majina ya wapagazi wengi hayakuandikwa. Ikiwa mzee wa ukoo wako aliwahi kusimuliwa habari za baba au babu aliyechukuliwa mzigo katika vita vile, mwulize, kisha ziandike. Umejifunza kuandika kwa ajili ya mambo kama hayo.

MWISHO WA MELI ZA HIDROJENI

Wepesi uliipeleka L 59 mpaka Sudani. Moto ukaimaliza. Tarehe 7 Aprili 1918, ilipokuwa juu ya bahari karibu na Italia, ilishika moto, na watu wote waliokuwamo wakafa. Mwaka 1937, tarehe 6 Mei, meli nyingine ya Kijerumani, Hindenburg, iliwaka ilipokuwa ikitua Lakehurst, Marekani. Ilikwisha kwa muda usiofika dakika moja, na watu 36 walikufa. Baada ya hapo watu waliacha kusafiri kwa meli za hidrojeni.

Siku hizi maputo ya kubeba watu hayajazwi hidrojeni kwa kawaida. Hutumiwa hewa ya moto, au gesi nyingine nyepesi iitwayo heli, isiyowaka kabisa. Na hapa Tanzania, mwaka 2016, wataalamu walitangaza kwamba heli nyingi imo ardhini katika bonde la Rukwa.

HIDROJENI NA MAISHA YAKO

Hidrojeni haikuondoka duniani pamoja na meli zile. Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber alipata njia ya kuishikamanisha na naitrojeni ya hewani, ikawa amonia. Mwaka 1913 kiwanda kikubwa cha kwanza kikaanza kazi huko Oppau. Katika vita, amonia hiyo iliwapa Wajerumani baruti. Katika amani, dunia nzima imepata mbolea. Wakulima wa kahawa wa mlima huu, walioungana katika KNCU tangu mwaka 1933, wanaijua urea na salfeti ya amonia. Mbolea hizo hutokana na amonia, na ndani ya amonia mna hidrojeni. Mkono mmoja ulitengeneza kitu kimoja, nacho kikalisha na kikaua. Kazi ya kuchagua ni ya binadamu.

Lakini iko hidrojeni iliyo karibu zaidi nawe, nayo ndiyo nakuomba uisikilize vizuri. Ni ile ya betri ya gari, au betri ya sola yenye maji ya asidi. Betri hiyo inapochajiwa, maji yaliyo ndani hugawanyika, na viputo vinavyopanda ni hidrojeni na oksijeni. Huzioni gesi hizo, wala huzisikii harufu. Zikijikusanya katika chumba kilichofungwa, sigara moja, koroboi, au cheche ndogo ya waya yatosha kuipasua betri na kumrushia mtu asidi usoni.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Chajini betri mahali penye upepo, milango na madirisha yakiwa wazi. Msivute sigara wala kuwasha kiberiti hapo. Msimulike ndani ya betri kwa moto mkitaka kuona maji yake. Zimeni chaja kwanza, ndipo mwondoe waya. Na asidi ikimrukia mtu machoni, mwosheni kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha mpelekeni hospitali upesi.

Hidrojeni ni nyepesi, na kwa kuwa ni nyepesi hupanda na kutoka penye tundu. Ndiyo maana dirisha lililo wazi ni ulinzi mkubwa. Tabia ile ile iliyoinua meli ya tani nyingi ndiyo itakayokuondolea hatari nyumbani mwako, ukiijua.

MASWALI

1. Maji yamefanywa kwa elementi gani mbili?
2. Debe lenye kilo 18 za maji lina kilo ngapi za hidrojeni?
3. Taja tabia nne za hidrojeni.
4. Kwa nini L 59 isingeweza kurudi kama ingefika Afrika Mashariki?
5. Kwa nini meli ile ilishuka usiku jangwani?
6. Mpagazi mmoja hubeba kilo 25. Watatakiwa wapagazi wangapi kwa mzigo wa tani 2?
7. Eleza kwa maneno yako mwenyewe namna ya kuchaji betri bila hatari.

Swali la saba lijibuni kwa maandishi, kisha mkamsomee mtu mmoja nyumbani asiyejua kusoma.

Kwa herini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.